Nyufa za Kuta: Jinsi ya Kuzichunguza Kabla ya Kununua Nyumba

Mtu atakaye kununua ng'ombe hatazami ngozi tu. Humfumbua kinywa akaangalia meno, humpapasa kiwele, humtembeza huku na huku apate kujua kama achechemea. Lakini mtu yule yule, akienda kununua nyumba ambayo bei yake yashinda ng'ombe wengi, mara nyingi hutazama rangi ya kuta, huhesabu vyumba, hufungulia bomba aone kama maji yatoka, kisha hutoa fedha. Wazee walituonya tangu zamani: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika mazungumzo haya twapenda kuwaeleza, ninyi mnaosoma na ninyi mnaosomewa, jinsi ya kuingia ndani kweli kweli, yaani jinsi ya kusoma nyufa za ukuta wa matofali.

Tuanze na kisa. Mwalimu mmoja tuliyemfahamu aliweka akiba kwa muda wa miaka 20, yeye na mkewe, wapate nyumba yao wenyewe kabla hajastaafu. Walionyeshwa nyumba mbili zilizo karibu sawa kwa bei. Ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, mpya, nje na ndani, wala haikuonekana ufa hata mmoja. Ya pili ilikuwa kuukuu, na katika ukuta wake wa nyuma palikuwa na ufa mrefu uliosimama wima tangu chini hata juu, ambao mtoto aliweza kuuona akiwa barabarani. Mwalimu aliipenda ile nyeupe. Wanaume walipokuwa sebuleni wakizungumza habari za malipo, mkewe alikuwa akipita chumba hata chumba, akifungua kila mlango na kuufunga. Akarudi akamwita mumewe kando, akamwambia, "Mwalimu, hebu uje uone. Mlango wa chumba cha pembeni umepigwa randa juu, upande mmoja sana, upande mwingine kidogo. Mti ukivimba kwa mvua hupunguzwa sawasawa. Huu umekatwa mshazari. Sidhani kuwa ni mlango uliosogea."

Kwa sasa tutawaacha hapo, mume na mke, wakiutazama mlango. Mwisho wa mazungumzo yetu tutarudi kwao. Kwanza tujifunze yale ambayo mama yule aliyajua kwa akili yake mwenyewe.

Kwa nini ukuta hupasuka

Tofali lina nguvu sana likikandamizwa. Waweza kupanga matofali mengi moja juu ya jingine, na lile la chini lisivunjike. Lakini tofali, na saruji iliyoliunga na mwenzake, halina nguvu likivutwa au kupindwa. Ni kama mkate mkavu: ukiukandamiza mezani wastahimili, ukiushika ncha mbili na kuupinda wakatika mara moja. Basi kila ufa ni alama ya kwamba mahali pale ukuta ulivutwa au ulipindwa kupita uwezo wake. Ufa si ugonjwa wenyewe, bali ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Mganga mwerevu hapozi homa tu. Huuliza homa imetoka wapi.

Yatupasa pia kusema neno hili mapema, ili tusimtie mtu hofu bure: hakuna nyumba ya matofali isiyo na ufa kabisa. Saruji ikikauka husinyaa. Jua la mchana hupanua ukuta, na baridi ya usiku huurudisha. Nyumba mpya hukaa juu ya udongo wake na kutulia polepole. Mambo haya yote huacha nyufa ndogo zisizo na madhara. Kwa hiyo mnunuzi hana haja ya kuuliza, "Je, nyumba hii ina nyufa?" Maswali yake na yawe matatu: Ufa huu una upana gani? Una umbo gani, nao wapita wapi? Je, ungali ukienda au umekwisha simama?

Upana wa ufa

Katika Uingereza, mabingwa wa uchunguzi wa majengo wameweka madaraja ya kupima nyufa, na madaraja hayo hutumiwa na wahandisi wa nchi nyingi. Tutayaeleza kwa ufupi.

Ufa usiozidi milimita 1 ni mwembamba kama uzi. Huu kwa kawaida hufunikwa na rangi tu, wala hauna haja ya kumkosesha mtu usingizi. Ufa uliozidi milimita 1 lakini usiozidi milimita 5 ni mdogo bado. Huweza kuzibwa, ingawa milango na madirisha huenda yakaanza kukaza kidogo. Ufa wa milimita 5 hata 15 ni wa kati: hapo milango hukwama, mabomba huweza kuvunjika, na mvua huingia ndani. Milimita 15 hata 25 ni ubaya mkubwa. Sehemu za ukuta hupasa kubomolewa na kujengwa tena, hasa juu ya milango na madirisha. Ukizidi milimita 25, nyumba imo hatarini, na huenda ikahitaji kujengwa upya kwa sehemu au yote.

Huna haja ya chombo cha thamani kupima haya. Njiti ya kiberiti ina unene wa karibu milimita 2. Penseli ya shule ina karibu milimita 7. Basi ufa usiopokea njiti ni mdogo. Ufa upokeao penseli ni wa kuuliziwa maswali mengi. Na ufa upokeao kidole gumba si wa kununuliwa bila ya mhandisi kuja kuutazama. Lakini upana peke yake hautoshi. Ufa wa milimita 3 ambao kila mwezi waongezeka ni mbaya kuliko ufa wa milimita 8 uliosimama miaka 30.

Umbo la ufa na mahali pake

Ufa una kinywa na una mkia. Kinywa ni pale ulipo mpana, mkia ni pale unapopotea. Yafaa kutazama kinywa kiko wapi, kwa kuwa hapo ndipo ukuta ulipotengana zaidi.

Kama ufa ni mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi maana yake ni kwamba mwisho wa ukuta, yaani pembe ya nyumba, umezama, nao wauvuta ukuta utengane huko juu. Kama ufa ni mpana chini na mwembamba juu, mara nyingi sehemu ya katikati ndiyo iliyozama, na pembe zimebaki mahali pake. Fanya jaribio hili mezani: panga vipande vya sabuni juu ya ubao mwembamba, kisha uinue ubao katikati. Utaona vipande vyatengana juu. Ukiuacha ubao ulegee katikati, vyatengana chini. Ukuta wa nyumba hufanya vivyo hivyo.

Ufa upandao kama ngazi, ukifuata viungo baina ya tofali na tofali, mara nyingi hutokana na msingi uliosogea. Hutokea zaidi kwenye pembe za madirisha na milango, kwa maana pale ukuta ulitobolewa, na mahali palipotobolewa ndipo palipo dhaifu. Tazama pia kama ufa wapita katika viungo tu au wayakata matofali yenyewe. Ukifuata viungo, saruji ilikuwa dhaifu kuliko tofali, na kuutengeneza ni rahisi zaidi. Ukiyakata matofali, ama matofali ni mabovu, ama nguvu iliyouvuta ukuta ni kubwa, ama viungo vilitiwa saruji kali kuliko matofali yenyewe.

Ufa ulio wima, uliosimama kama kamba yenye timazi, mara nyingi huonekana pale nyumba ya zamani ilipounganishwa na chumba kilichoongezwa baadaye. Fundi akiwa hakuyafunga matofali mapya ndani ya ya zamani, jengo jipya litatulia peke yake na kujitenga. Ufa huu waonekana vibaya, lakini mara nyingi haudhuru, maadamu vipande vyote viwili vimesimama wima.

Ufa ulio juu ya mlango au dirisha, wenye umbo la paa la kibanda, hutuambia kwamba kizingiti cha juu, ambacho mafundi hukiita linta, hakikuwekwa, au kilikuwa kifupi, au kimeoza au kuliwa na mchwa. Tatizo hili lina dawa, lakini dawa yake ina gharama.

Ufa ulalao, uendao sambamba na ardhi karibu na paa, wataka uangalifu. Huenda ikawa miti ya kenchi haikufungwa vizuri chini, nayo yaenea kwa uzito wa vigae au mabati na kuusukuma ukuta nje. Simama pembeni mwa nyumba, funga jicho moja, utazame urefu wa ukuta kama mtu alengaye shabaha. Ukuona tumbo limetokeza, jihadhari. Ukuta wenye ufa lakini umenyoka ni jambo moja. Ukuta wenye ufa na tumbo ni jambo jingine kabisa.

Mwisho, kuna nyufa ndogo zilizotapakaa kama ramani ya mito au kama matope yaliyokauka. Hizi mara nyingi ni za lipu, si za ukuta. Lipu ilitiwa saruji nyingi mno, au ilikauka upesi juani bila ya kunyunyiziwa maji. Igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kwa sauti ya uvungu, imebanduka, nayo itaanguka. Lakini nyumba yenyewe haina neno.

Udongo ulio chini

Tukitaka kujua kwa nini msingi husogea, yatupasa kutazama chini. Katika Afrika ya Mashariki adui mkubwa wa nyumba za matofali ni ule udongo mweusi wa mbugani. Waonekana katika tambarare za Athi, katika Mwea, katika tambarare za Kano karibu na Kisumu, na katika mbuga nyingi za Tanzania. Hata katika mji mmoja huweza kutofautiana: Nairobi ina udongo mwekundu upande wa kaskazini na magharibi, na udongo mweusi mwingi upande wa kusini na mashariki. Udongo huu mweusi hunywa maji wakati wa masika na kuvimba. Wakati wa kiangazi husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu huweza kuingia. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi mfupi huinuliwa na kushushwa kila mwaka, kama mashua iliyofungwa pwani kwa maji kujaa na kupwa. Lakini mashua ni ya mbao, tena yaelea. Ukuta wa matofali hauwezi.

Ndiyo sababu mafundi wenye maarifa huuondoa udongo mweusi wote, ikiwa si wa kina kirefu, wakafika kwenye moramu au mwamba, ndipo wakaweka msingi. Mnunuzi asiyejua jinsi msingi ulivyochimbwa na awaulize majirani. Na azitazame kuta za majirani vile vile. Kama nyumba tano za mtaa mmoja zina ufa wa namna moja, kosa si la fundi mmoja, bali ni la ardhi.

Miti nayo ina sehemu yake. Mizizi ya mti mkubwa hunyonya maji mengi katika udongo wa mfinyanzi, na udongo ukikosa maji husinyaa. Mwaka 1976 Uingereza ilipatwa na ukame mkubwa. Sehemu nyingi za London zimejengwa juu ya mfinyanzi, na kiangazi kile udongo ulisinyaa hata maelfu ya nyumba zikapasuka, nyingi zikiwa karibu na miti. Makampuni ya bima, ambayo yalikuwa yameanza kukata bima ya nyumba kuzama miaka michache tu kabla, mwaka 1971, yakapata madai mengi. Huku kwetu twaijua mikaratusi kwa kiu yake. Ukiona mkaratusi mkubwa umesimama hatua chache kutoka pembe iliyopasuka, nawe wajua kuwa udongo ni mfinyanzi, una haki ya kuushuku. Lakini usiukate upesi! Mti wa zamani ukikatwa, udongo huanza kupata maji tena na kuvimba, nao huweza kuiinua nyumba na kuleta nyufa mpya. Jambo hili lataka shauri la mjuzi.

Maji pia huharibu. Tazama mahali maji ya paa yanapoanguka. Kama hakuna mifereji, na maji yachimba shimo kando ya msingi kila mvua inyeshapo, udongo hulainika na pembe huzama. Bomba linalovuja chini ya ardhi, au shimo la choo lililochimbwa karibu mno na ukuta, huleta madhara yale yale. Sababu hizi ni afadhali kuliko nyingine, kwa kuwa mara nyingi huondolewa kwa kazi ndogo.

Matofali yenyewe na tetemeko

Nyumba nyingi za vijijini zimejengwa kwa matofali yaliyochomwa katika tanuru la kuni. Katika tanuru lile matofali ya ndani huiva, na ya pembeni mara nyingi hubaki mabichi nusu. Chukua matofali mawili ya akiba yaliyobaki uani uyagonganishe. Yaliyoiva hulia kama chuma. Yasiyoiva hutoa sauti ya kufa. Kisha chukua msumari ukwaruze kiungo cha ukuta mahali pasipoonekana sana. Nyumba nyingine huunganishwa kwa udongo mtupu, na saruji ikapakwa kwa nje tu ili kupendeza macho. Msumari ukipita saruji nyembamba kisha ukaingia kwa urahisi kama katika kisugulu, umekwisha pata habari ambayo muuzaji hakukuambia. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kufanya hivi. Nyumba bado ni yake.

Watu wa Kagera wanajua umuhimu wa jambo hili. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye kipimo cha 5.9 liliipiga Bukoba na sehemu za jirani, watu wakafa, na nyumba nyingi za matofali zikaanguka au kupasuka. Ukuta uliotikiswa na tetemeko huacha alama yake: nyufa mbili zikatanazo mfano wa herufi X baina ya dirisha na dirisha, kwa sababu ulivutwa huku, kisha ukavutwa kule. Alama nyingine ni pembe za nyumba kuachana, na kile kikuta cha pembetatu chini ya paa kulegea. Katika nchi za matetemeko, kama Kagera, magharibi ya Uganda, na mipaka ya Ziwa Kivu, mnunuzi na aulize kama nyumba ina mkanda wa zege wenye nondo uliozunguka kuta zote juu ya madirisha. Mkanda huo huzifunga kuta pamoja, kama ukanda wa chuma unavyofunga pipa. Nyumba yenye alama za X iliyozibwa na kupakwa rangi, bila ya kuimarishwa, ni nyumba inayongoja tetemeko la pili.

Ufa ulio hai na ufa uliokufa

Sasa twaja kwenye swali la tatu, nalo ndilo kubwa. Ufa uliokufa ni ule ambao sababu yake imekwisha. Ufa ulio hai ungali ukienda.

Itazame midomo ya ufa. Ikiwa imejaa vumbi, utando wa buibui na rangi za miaka iliyopita, ufa ni wa zamani. Ikiwa ni safi, yenye makali, na rangi ya tofali ndani yake ni nyekundu kama jana, ufa ni mpya. Tazama kama umewahi kuzibwa na kupasuka tena mahali pale pale. Huo karibu kila mara u hai. Tazama sakafu pia: weka gololi ya mtoto katikati ya chumba uone kama yakimbilia pembe moja. Tazama vioo vya madirisha vilivyopasuka bila ya kupigwa. Jaribu kila mlango. Na penye rangi mpya katika ukuta mmoja tu, hali kuta nyingine zina rangi ya zamani, uliza kwa upole ni kwa nini.

Ukiwa na nafasi ya kungoja, pima. Kwa penseli weka alama mahali mkia wa ufa ulipoishia, uandike na tarehe kando yake. Kisha pigilia misumari midogo miwili, mmoja upande huu wa ufa na mmoja upande ule, upime kwa rula nafasi iliyo baina yake, uandike katika daftari. Rudia kila mwezi. Mafundi wengine hugandisha kipande cha kioo chembamba juu ya ufa. Ukuta ukisogea kioo huvunjika. Kioo chakuambia kuwa umesogea, lakini hakikuambii umesogea kiasi gani. Kwa hiyo misumari na daftari ni bora. Kupima kwa miezi miwili hakutoshi, kwa maana ufa wa udongo mweusi hupanuka kiangazi na kujifunga masika. Utaonekana kama umepona, kumbe umelala tu. Upimaji kamili huzunguka mwaka mzima.

Lakini muuzaji gani atakungoja mwaka? Wachache. Kwa hiyo msaada mkubwa ni macho ya watu wengine. Waulize majirani, waulize wapangaji waliokaa humo, muulize mzee wa mtaa: "Ufa ule mliuona lini?" Na kama waweza, itazame nyumba mara mbili, mara moja wakati wa jua na mara moja mvua inaponyesha. Ukiingiwa na shaka juu ya ufa unaopokea penseli, au ukuta wenye tumbo, mlipe mhandisi aje. Ujira wake ni mdogo kuliko hasara.

Tiba na bei

Mtu asidhani kwamba kila ufa ulio hai huifukuza biashara. Huenda nyumba ikafaa kununuliwa kwa bei iliyopunguzwa, madhali gharama ya tiba yajulikana. Lakini tiba ina utaratibu. Kwanza huondolewa sababu: maji yageuzwe njia, bomba litengenezwe, kenchi zifungwe. Kisha hungojewa ukuta utulie. Ndipo ufa huzibwa, na penye haja vyuma hulazwa katika viungo ili kuushona ukuta kama nguo iliyotatuka. Msingi uliozama huongezwa kina kwa kuchimbwa chini yake vipande vifupi vifupi, kwa zamu, kimoja kikijazwa zege na kukauka kabla ya kingine kuchimbwa. Hiyo ni kazi ya gharama kubwa, nayo si ya fundi wa kubahatisha: atakayechimba chini ya ukuta wote kwa mara moja atauangusha juu yake mwenyewe. Anayeziba ufa kabla ya kuondoa sababu amepoteza saruji yake bure.

Sasa turudi kwa yule mwalimu na mkewe. Baada ya kuutazama mlango walitoka nje, wakaizunguka nyumba nyeupe. Nyuma ya pembe ya chumba kile wakakuta udongo mweusi umelowa, na chini ya dirisha rangi mpya imefunika mstari wa saruji upandao kama ngazi. Wakaigusa: ile saruji nayo ilikuwa imeanza kutengana, nyembamba kama unywele. Jirani mmoja aliwaambia kwamba ufa ule ulizibwa mara mbili katika miaka mitatu. Wakashukuru, wakaenda zao.

Kisha wakairudia ile nyumba kuukuu yenye ufa ulioonekana barabarani. Waliutazama kwa makini. Ulisimama wima, pale jiko lilipoongezwa. Midomo yake ilikuwa myeusi kwa moshi na vumbi la miaka mingi, buibui wamefanya makao ndani yake. Milango yote ilifunguka, gololi ilikaa mahali ilipowekwa, na timazi ilipotundikwa ukuta ulionekana umenyoka. Mzee wa jirani akasema ufa ule ulikuwapo tangu yeye alipohamia, naye alikuwa babu sasa. Waliinunua. Muuzaji, akiuonea haya ufa wake, aliwapunguzia na bei.

Basi, ndugu zetu, nyumba iliyoonekana nzima ilikuwa mgonjwa aliyepakwa manukato, na ile iliyoonekana mbovu ilikuwa na kovu la kidonda kilichokwisha pona. Twajua wote msemo wa wazee, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi kwa mnunuzi twaongeza neno moja: kabla hujauziba, usome. Chukua njiti ya kiberiti, penseli, gololi, msumari, na kamba yenye jiwe. Nenda na mtu mwenye macho ya kuona, akiwa mumeo au mkeo ni bora zaidi, wala usiseme habari za fedha mpaka mmeizunguka nyumba yote nje na ndani. Mkataba ukiisha kutiwa sahihi, nyufa zote zilizomo ni mali yako.